Ubao Usiolowa

Mjomba Ramazani,

Mtumbwi wako umekuwa mwepesi tena. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mke wako, kabla ya kuuliza kama bado naswali. Ndivyo ulivyokuwa. Mtu akirudi kutoka mtoni, wewe uliuliza, "Mutumbwi iko namna gani?" Mtu mwenyewe alifuata baadaye, kama nafasi ilipatikana.

Basi ni mwepesi. Umefungwa palepale bandarini, kwenye ule mti wenye kovu la kamba, nami nimekaa ndani yake nakuandikia. Ni mchana kweupe. Ubao wako wa kukalia uko mbele yangu, na umelowa, maana asubuhi ilinyesha. Nauangalia ulivyolowa, sijui kama nifurahi au nilie, kwa hiyo nafanya yote mawili kwa zamu.

Ulituacha vibaya, Mjomba. Acha nikuambie, maana msibani kila mtu alisema ulikuwa mtu wa taratibu, nami nilinyamaza. Mtu wa taratibu gani anaanguka katikati ya soko la Kasongo akibishana na muuza dagaa, bila kumaliza alichokuwa anasema? Yule mama mpaka leo anasema ulikuwa umeshakubali bei yake. Namjua mjomba wangu, sisadiki. Lakini shahidi wangu yuko chini ya udongo.

Nyumbani hawajambo. Mke wako, Mama Zuhura, alikataa makubazi yako yaondolewe mlangoni. Wageni waliokuja kutoa pole walikuwa wanayaruka. Vijana wa pikipiki sasa wananiita Kapiteni. Wewe walikuita hivyo kwa heshima, mimi wananiita kwa kunichokoza, ila wakiniletea mgeni wanashusha sauti na kusimama vizuri. Nimeanza kuzoea.

Arobaini ilipokwisha, Mama Zuhura aliniita uani. Alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, hakuinua macho. Akasema, "Mwamini, enda Nyangwe ukamutoe mujomba wako mu maji." Alisema kama mtu anayemtuma mwenzake chumvi. Nikasema ndiyo, mama. Kesho. Na kesho ile ikazaa kesho nyingine, mpaka akaacha kuniuliza, akawa ananitazama tu.

Nilijua maana yake: jina lililozoea kutajwa juu ya maji lazima liondolewe palepale, kwa sauti. Nani angejua kuliko mimi? Nilikuwa bado msichana, nimeshika kasia lako kwa mara ya kwanza, uliponionyesha pale mahali. Kabla ya kufika Nyangwe, kwenye ule mchanga unaojitokeza maji yakipungua, ng'ambo ya mchikichi ulioinama. Uliniambia niache kupiga kasia. Ukataja majina ya wote waliokuwa ndani ya mtumbwi, kila mmoja na jina la mama yake, kwa sauti ya mtu anayejitambulisha mlangoni kwa watu. Lako ulilitanguliza: Ramazani wa Mwajuma. Kisha ukagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kasia, mara mbili, ukauburuta mpini juu ya mbao, ukatega sikio. Mimi sikusikia kitu. Wewe uliitikia kwa kichwa ukasema, "Haya, wametusikia. Tupite."

Nilikuuliza ni akina nani. Ukanijibu kwa namna yako ya kujibu, ukiangalia kwingine. Ulisema watumwa waliopitishwa pale na minyororo hakuna aliyewauliza majina. Walihesabiwa tu. Bibi wa mama yako aliletwa kwa njia ya Kabambare, shingo yake imebanwa kwenye panda la mti, na mpaka leo hakuna anayejua kwao alikuwa anaitwa nani. Upande wa baba yako walishika mnyororo, upande wa mama yako waliuvaa. "Mimi niko mutu mwenye kujikimbiza mwenyewe," ulisema, ukacheka, na kicheko hakikufika mbali. Ndiyo sababu sisi tunasema yetu. Tunabisha hodi kwa watu ambao hawakubishiwa.

Ukaniongezea neno moja, nami nililibeba tangu siku ile: "Wakibisha, pita. Wakikuita kwa jina, geuza mutumbwi, usitazame nyuma."

Wageni uliowatembeza mtoni walidhani ni mchezo wa kuwafurahisha. Nami kwa muda mrefu nilidhani hivyohivyo, usinikasirikie. Wale watu wako wa ajabu, wanaoacha nchi zenye barabara kuja kutafuta mahali pasipo barabara! Uliwapenda kwa moyo wote na uliwasema kwa ulimi wote. Wakiuliza simba, uliwaambia simba waende kwingine, hapa kuna mto, kuna kimya, na kuna Mama Feza anayejua kupika samaki. Unamkumbuka yule aliyetaka umpeleke Salamabila akawapige picha watu kwenye mashimo ya dhahabu? Ulimwambia, "Mutu anayechimba si nyama ya pori. Ukitaka kumuona, shika sururu." Na yule mama Mwitaliano aliyekataa kutaja jina la mama yake, akisema ni jambo lake la siri. Ulilaza kasia juu ya magoti, ukatoa tangawizi mfukoni, ukaanza kutafuna. Jua likasogea. Mama wa watu akapiga kelele, kisha akanyamaza, kisha akalia, na mwisho akalitaja. Wakati wa kuagana alikukumbatia kuliko mtu yeyote.

Sasa nikuambie yaliyotokea, ingawa wewe mwenyewe ulikuwemo.

Walikuja wageni wawili. Joris, kijana Mbelgiji mrefu kama upondo, amejifunza Kiswahili kwenye simu. Na Clarisse, mpiga picha kutoka Lubumbashi, mcheshi, anayeogopa maji lakini hataki ijulikane. Walikuwa wamesikia habari zako kwa wale waliotangulia. Nikawaambia Mzee hayupo. Clarisse akasema, "Basi utupeleke weye." Nilijua sijakutoa. Nilijua mtumbwi wa mtu asiyetolewa haubebi watu. Lakini Mama Zuhura alikuwa ameanza kusema kwamba kama sitakwenda, mtumbwi ugeuzwe kifudifudi uoze, na Mjomba, mtumbwi huu ndio kazi yangu na ndio kitu pekee chenye harufu yako. Nikasema moyoni, nitawapeleka, na nikifika pale nitamtoa kwa njia hiyohiyo. Jiwe moja, ndege wawili, kama wanavyosema wenyewe.

Tulishuka na mto vizuri. Mimi nyuma nimesimama, wao mbele, na katikati ubao wako, mtupu. Ulipozeeka ulikuwa unakaa hapo, mgongo kwangu, ukiwasimulia wageni huku mimi nafanya kazi. Miaka yote hiyo nimeujua mgongo wako kuliko uso. Nilijua ukikasirika kwa mabega, na ukisinzia kwa kofia.

Tukafika penye mchanga. Nikaacha kupiga kasia. Nikawaeleza, nao wakakubali bila matata. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno ya kukutoa. Nikafungua mdomo, na ulimi ukafuata kile masikio yalichozoea tangu usichana wangu. Ulimi ulisema, "Ramazani wa Mwajuma."

Sikulirudisha. Nililisikia likienda juu ya maji. Halafu, kama mjinga, nikaendelea: Mwamini wa Kibibi, Joris wa Hilde, Clarisse wa Ngoie. Nikakutaja kati ya walio hai, Mjomba. Wa kwanza, kama kawaida yako.

Na mtumbwi ukashuka.

Haukuyumba. Ulishuka taratibu, hapo kwenye ubao, kama mtu mzima anapokaa bila haraka. Nyayo zangu zinajua nani amekaa, nani amesogea kujikuna. Zilikujua. Ndege wa ukingoni walikuwa wamenyamaza wote. Niligonga mara mbili, nikaburuta, nikatega sikio, na hakuna aliyebisha. Kwa nini wabishe? Aliyekuwa anawasikia alikuwa amekaa mbele yangu.

Clarisse akageuka akasema, "Nani anatafuna tangawizi?" Akapekua mifuko, hakupata. Nami nikatazama ubao mtupu na nikafurahi. Nakuambia kweli, woga ulikuja baadaye.

Mama Feza alikuwa akitusubiri ukingoni Nyangwe na mkeka wake umeshatandikwa. Alikuwa ameweka sahani moja zaidi. Nilipomwambia tuko watatu, aliangalia mtumbwi, akaniangalia, akasema polepole, "Niliona mutumbwi inakuja chini-chini. Nikasema muko wengi." Kisha akanivuta kando, nyuma ya jiko. "Ulisema jina yake?" Nikageukia mtumbwi. Alishika kichwa. "Umutoe palepale ulipomuita. Usimubebe mpaka Kasongo, mutoto wangu. Mutumbwi haina fasi ya watu wa namna mbili." Nikamwambia ndiyo. Siku hizi nasema ndiyo kwa ufundi sana.

Ile sahani hakuiondoa. Hakuna aliyeigusa, na samaki akapoa mapema kuliko wengine.

Asubuhi ilikuwa imenyesha. Joris alitangulia mtumbwini na kitambaa akaanza kukausha. Kila kitu kilikuwa chepechepe, mbao, kamba, makasia. Ubao wako ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yameuzunguka, yamesimama ukingoni mwake. Joris akaweka kiganja, akakiondoa haraka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha simu, "Iko na moto." Alitaka kusema ni wa vuguvugu, kama kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi. Nilimwambia asikae hapo. Akaenda mbele kabisa.

Nilikuwa nimeshaamua. Nisamehe, au usinisamehe, ila nilikuwa nimeamua kukubeba mpaka nyumbani. Niliwaza Mama Zuhura akiona mtumbwi umekaa chini, akisikia tangawizi. Niliwaza nitakuwa natembea nawe mtoni hivyohivyo, mgongo wako mbele yangu, kama zamani. Kuna ubaya gani? Nilipofika penye mchanga nilifumba mdomo, nikasukuma upondo.

Mtumbwi haukuenda.

Maji yalipita ubavuni, nami nilisukuma na kusukuma, kwa mikono uliyonifundisha wewe. Nikiinua macho, mchikichi ulioinama uko palepale. Naushinda mkondo, nahisi kabisa kwamba naushinda, halafu naangalia na mchikichi uko palepale. Hakukuwa na mchanga chini, upondo ulikuwa unazama. Mvua ikaanza tena. Maji yakafika ukingo wa mtumbwi, yakaanza kuchungulia ndani. Clarisse akashika bakuli, akawa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, na ucheshi wote umemtoka. Aligeuka akanitazama. "Mwamini, mi sijue kuogelea."

Mvua ilitunyeshea sote. Ubao wako ulikuwa mkavu.

Nilikukasirikia hapo. Nilikuambia kimoyomoyo, si unaona tunakwenda nyumbani, jifanye mwepesi basi. Kisha nikauona mgongo wako. Si kwa macho, hapana, ubao ulikuwa mtupu. Lakini nilijua mabega yalivyokaa. Yalikaa kama siku ile mvua ilipotukuta na wale wazee wawili Wafaransa, ukavua koti ukawafunika, ukaniambia bila kugeuka, "Mugeni kwanza. Siye nyuma." Mgeni wangu alikuwa mbele yangu anachota maji kwa bakuli la uji. Nami nilikuwa namzamisha ili nisibaki peke yangu.

Nikalaza upondo. Ilibidi niseme kwa sauti ileile, na sauti haikutaka. Mara ya kwanza ilitoka hewa tu. Mara ya pili nilisema:

"Ramazani wa Mwajuma ameshuka. Haiko tena mu mutumbwi yetu. Ameshuka hapa."

Ndivyo nilivyokuambia kwamba umekufa. Tangu sokoni, tangu kaburini, tangu arobaini, nilikuwa sijalisema.

Hukuondoka haraka. Najua ulikuwa unanisubiri niwe na uhakika. Kisha nyayo zangu zikahisi mtu mzima ananyanyuka, kwa kushika ukingo, kama ulivyokuwa unanyanyuka ulipoanza kuumwa kiuno. Mtumbwi ukainuka. Tone moja likaangukia ubao wako likaacha alama nyeusi. Likaja la pili. Nikauangalia ukilowa, kidogo kidogo, mpaka ukafanana na mbao nyingine zote, na nililia kwa sauti mbele ya wageni, mimi Kapiteni.

Clarisse alikuwa ameweka bakuli chini.

Nilipoweza, nikataja upya. Mwamini wa Kibibi, nikaanza na langu, na lilinikaa vibaya mdomoni, kama kiatu cha mtu mwingine. Joris wa Hilde. Clarisse wa Ngoie. Nikachukua kasia, nikagonga mara mbili, nikaburuta mpini juu ya mbao.

Na kutoka ukingoni, chini ya mchikichi, mahali pasipo na mtu wala mtumbwi, mlio uleule ukarudi. Mara mbili, na mburuto. Ule mburuto wako wa kuchelewa kidogo mwishoni, wa mkono wenye baridi yabisi. Hakuna mwingine anayebisha hivyo.

Joris akauliza, "Nani anabisha?" Maana yake naye alisikia, si mimi tu na majonzi yangu. Nikamwambia, "Ni mujomba yangu." Akavua kofia, mvua ikamnyeshea kichwani, akakaa hivyo mpaka tulipopita. Na tulipita, Mjomba. Sukumo la kwanza tu, mchikichi ukabaki nyuma.

Mama Zuhura alikuwa bandarini tulipofika. Sijui nani alimwambia. Kabla ya kunitazama mimi alitazama mtumbwi, kama wewe, akaona ulivyokaa juu ya maji. Akasema, "Umemupeleka." Hakulia pale. Alinishika mkono tukapanda pikipiki mpaka nyumbani, na alipofika mlangoni aliinama, akaokota makubazi yako, akayafuta vumbi kwa kanga yake, akayaingiza ndani. Sasa watu wanapita mlangoni kwa kutembea.

Wageni wengine wanakuja. Clarisse amewaambia jamaa zake wa Lubumbashi, na nimesikia amewaambia pia wajue majina ya mama zao. Anajifunza kuogelea, anasema, ingawa simwamini sana.

Kwa hiyo kwaheri, Mjomba wangu. Nimekuchelewesha, umenivumilia, inatosha. Nakuahidi hakuna mtu nitakayempitisha pale bila jina, awe mzungu, awe mtu wetu, awe mtoto wa mgongoni. Na jina lako nitalitunza nyumbani, kwenye dua, mahali pake. Juu ya maji yale sitalitaja tena.

Nawe nina ombi moja. Nikibisha, bisha, nijue uko pamoja nao, na kwamba hawako peke yao, hata yule bibi asiye na jina. Lakini ukinikumbuka, hata ukinikumbuka sana, siku ya mvua, ukiniona napita na ubao mtupu mbele yangu, usiniite.

Mwamini wa Kibibi